Mtunzi wa Nusu Wimbo

Alfredi wa Mkomaindo hajawahi kutunga wimbo, lakini ukimwamkia bila kumwita Mtunzi, haitikii. Alijifunza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa Lukuledi, akaenda Dar es Salaam kupuliza saksafoni mstari wa nyuma kwenye bendi ya watu, kisha akarudi Masasi na kofia ya pama na maringo ya kuwatosha wanaume watatu. Akaunda Mikorosho Jazi. Nyimbo alimnyang'anya mpiga gitaa wake, Tahiri, mmoja baada ya mwingine, hadi Tahiri akachoka akaenda zake. Debe tupu haliachi kuvuma: Alfredi akatangaza kwamba sasa ndipo watu wataona utunzi.

Ikabidi autoe huo utunzi. Msimu wa harusi ulikuwa umefika, na huku kwetu bendi ya harusi huchaguliwa na kina mama. Bila wimbo mpya, Mikorosho Jazi ilikuwa inakufa.

Basi unajua alichofanya? Binti wa dada yake alikuwa unyagoni. Mwanamume mzima, ana mke na watoto, akajibanza nyuma ya ua wa nyasi kuwasikiliza wanawake wakiwafunda wari! Wimbo mmoja ukamwingia. Kabla haujaisha, wanawake wakaingia ndani, naye akaondoka na alichopata. Akajiambia kwamba akiacha maneno akachukua sauti tu, nani atajua? Upumbavu mtupu. Kila mwanamke wa huku aliyechezwa unyago anaujua wimbo ule, na hauimbwi mbele ya wanaume. Mimi sikuwahi kumheshimu Alfredi, lakini hapo alinitia kinyaa.

Harusini Newala alishika maiki. "Huu nimeutunga mwenyewe," akasema, akapuliza. Wanaume wakashangilia, wakamvika kilemba cha ukoka. Wanawake wakanyamaza wote, hadi bibi harusi.

Bibi Sophia, nyakanga aliyewafunda wengi wa waliokuwapo, akasogea jukwaani.

"Shikamoo, Bibi," Alfredi akasema, jasho likimtoka.

"Marahaba, Baba Isabela. Wimbo mzuri. Umetunga mwenyewe?"

"Mwenyewe, Bibi."

"Basi umalize. Mbona umeukata katikati?"

Alfredi akapuliza kitu. Kilifanana na mbuzi aliyenasa kwenye ua. Wanawake wakaangua kicheko ukumbi mzima, na wanaume nao wakacheka bila kujua wanachekea nini.

Tangu siku hiyo hakuna mama aliyemwita. Anashinda nyumbani akipuliza nusu ile ile, anaishia pale pale. Mkewe, Dominika, humenya mihogo barazani akimsikiliza. Wimbo wote anao kichwani tangu alipokuwa mwari.

Juzi Alfredi akaiweka saksafoni chini.

"Mama Isabela," akambembeleza, "nisaidie kidogo tu. Pale mwisho panakwendaje?"

Dominika hakuinua macho kutoka kwenye mihogo yake.

"Mtunzi ni wewe, Baba Isabela. Tunga."