Nthiga wa Bucha na Baraka za Winrose

Hapa mtaani kwetu Majimbo ukimuuliza mtu Nthiga ni nani, utapata majibu mawili. Siku za kazi ni yule wa bucha, anayekuongezea mfupa mkubwa kuliko nyama halafu anauita zawadi. Jumapili ni yule wa kinanda kanisani. Mimi ni ndugu ya mama yake, kwa hivyo ile talanta ilitoka upande wangu. Mimi mwenyewe ningecheza kinanda kumshinda, ila Mungu alinipa vidole vinene, kimoja kinabonyeza noti tatu. Shule niliacha darasa la sita, lakini ya muziki nayajua.

Aliyemfundisha Nthiga ni Mwalimu Nelius, mama aliyeongoza kwaya yetu miaka thelathini kwa do-re-mi na fimbo ya mti wa kahawa. Ukikosea noti, hakuelezi. Anakuchapa, noti inajileta yenyewe.

Mwezi wa pili mwaka huu Mwalimu Nelius alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala na maneno yote yakamtoka, isipokuwa moja: "Kesho." Umeamkaje, mwalimu? Kesho. Utakunywa chai? Kesho. Pasta alikuja kumwombea, akamuuliza kama bado anamtegemea Mwokozi. "Kesho," akajibiwa. Pasta alitoka hapo amekunja uso kama aliyeuma limau. Na akili ya mama wa watu ilikuwa nzima kabisa! Ungeona macho yake yalivyowaka kila lile neno lilipotoka bila kuitwa.

Sasa, binti yake wa mwisho, Winrose, alikuwa anaolewa na Mutuma, kijana wa Makutano kule Meru anayeuza spea za pikipiki. Baba ya Winrose alishatangulia, kwa hivyo wa kubariki ni mama peke yake. Winrose akatuambia wazi: "Sitoki kwa hii nyumba kama mama hajanibariki kwa mdomo wake." Tukacheka. Yeye hakucheka. Mama yake, hapo kitandani, akageukia ukuta akalia.

Mutuma akaja mbio mpaka kwa bucha, zimebaki wiki tatu.

"Kaka Nthiga, nisaidie! Huyu msichana akikataa kutoka, mama yangu ameshashona nguo ya kijani. Unajua mama yangu akishashona nguo?"

"Mimi ni wa kukata nyama, Mutuma. Nenda kwa daktari."

"Daktari alisema tungoje."

Hapo mimi, niliyekuwa nimekuja kununua nyama, nikaweka mfupa chini. "Nthiga, mpelekee kinanda. Mtu anaweza kusahau kuongea asisahau kuimba."

"Ankol, hiyo umetoa wapi?"

"Kichwani." Ukweli ni kwamba nesi mmoja ndiye aliyetuambia, lakini mimi ndiye niliyetikisa kichwa wa kwanza.

Basi kila siku nyama ikiisha, saa tisa hivi, Nthiga alifunga bucha, akabebwa na boda boda, kinanda mgongoni kama mtoto. Siku nne alimpigia nyimbo za kanisa, za taratibu, za kuliza watu. Mwalimu alimsikiliza, akamfinya alipokosea, na kuimba hakuimba. Siku ya tano Nthiga akagusa kitufe kibaya. Kinanda kikaanza kupiga mdundo wa dansi, ule wa kukata kiuno, tena kwa sauti ya juu! Nthiga jasho likamtoka, anatafuta kitufe cha kukizima. Na Mwalimu Nelius, mwanakamati wa maadili, mama aliyewahi kunitoa kanisani kwa sababu ya mguu kuchezacheza, akafungua mdomo akaimba:

"Karani wa kahawa, mizani yako inaumwa!
Debe letu limejaa, tumbo lako limelimeza!"

Aliimba kwa Kiembu, mimi nawatafsiria, na zile beti za chini nimewafichia. Ni wimbo ambao wakina mama waliutumia kumsuta karani mwizi wa kiwanda cha kahawa zamani, wakipanga foleni ya kupima. Maneno yote yalikuwepo, hakuna hata moja lililosema kesho. Winrose aliangusha sufuria ya githeri.

Kuanzia hapo kazi ikawa kumwondoa karani kwenye ule wimbo na kumweka Mungu. Haikuwa rahisi. Wiki nzima baraka zilianza vizuri, "Winrose mwanangu, Mungu akulinde," halafu zikateleza, "tumbo lako limelimeza!" Nyumba yote ikabidi iongee kwa tuni. Wanauliza chai kwa kuimba, anajibu kwa kuimba kwamba sukari haitoshi. Mimi nilipoenda kumjulia hali niliimbiwa beti nzima, kwamba nitoke kwa kiti chake na nifute viatu. Mimi!

Siku ya harusi ikafika. Saa tatu asubuhi wanawake wa Meru wako nje ya geti wanaimba kuomba bibi harusi, wetu wako ndani wanawajibu kwamba hatufungui, kama ilivyo desturi. Winrose amekaa miguuni pa mama yake na gauni lake jeupe. Nthiga akachomeka kinanda. Kimya. Stima imepotea Majimbo yote.

Mwalimu Nelius akashika kichwa cha binti yake kwa mkono wa kushoto, akavuta pumzi.

"Kesho," akasema.

Akajaribu tena. "Kesho. Kesho!"

Winrose akavua kiatu kimoja, akakiweka kando. Nikajua hapa hakuna harusi.

"Imba wewe," nikamwambia Nthiga.

"Ankol, sauti yangu unaijua."

Ninaijua. Ni ya mbuzi aliyeona kisu, na mbuzi huyo Nthiga anamjua vizuri kwa sababu ya kazi yake. Lakini alienda jikoni, akarudi na debe, akaligeuza juu chini, akalipiga kwa ngumi akafumba macho na kuimba zile baraka. Hakuna noti aliyoipata. Zingine alizipita juu, zingine alizikanyaga. Mwalimu Nelius akamtazama. Shingo ikaanza kumvimba. Miaka thelathini ya kwaya haiwezi kuvumilia kitu kama hicho. Akampiga kofi la bega, akachukua wimbo mwenyewe:

"Winrose mwanangu, Mungu akulinde!
Nyumba yako ijae, watoto wako wacheke!"

Neno kwa neno, mpaka mwisho, na karani hakuonekana. Winrose analia, anavaa kiatu, amekivaa mguu usio wake. Tukasema amina. Mwalimu akainua kidole tunyamaze, akaongeza beti ambayo hakuna mtu aliyemfundisha:

"Huyo Mmeru asipokutunza,
mlango wangu unaujua!"

Wanawake wakapiga vigelegele ndani na nje. Mutuma, ambaye alikuwa bado amefungiwa nje ya geti, akapaza sauti: "Nitamtunza, mama!"

Mwalimu Nelius akakunja uso. Akaimba kwamba aambiwe arudie, na safari hii kwa tuni.

Hatukufungua geti mpaka Mutuma alipoipata.