Bi Tatu na Salamu za Inboksi

Jirani yangu Bi Tatu, wa hapa Mtambile, akikuta watu kumi barazani atampa kila mmoja mkono, amuulize mamaake, wanawe, mpaka na ng'ombe. Ndivyo alivyo, na ndivyo alivyojitia matatani.

Mjukuu wake Safaa ana seli mundu, yale maradhi ya damu. Wazazi wako Oman, mtoto yuko mikononi mwake. Samiha, mwalimu wa skuli ya Jadida kule Wete, ambaye mwanawe ana maradhi hayo hayo, akamuunga kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Bi Tatu kufungua, watu zaidi ya mia! Atawapitaje bila salamu? Akaingia inboksi ya mmoja mmoja: asalaam aleikum, mie Tatu, bibi yake Safaa, watoto hawajambo? Wapo waliomjibu. Wengine wakadhani tapeli, wakamshitaki kwa admini, yaani msimamizi wa kundi. Bwana yule akamtoa bila hata kumuuliza.

Mie nilipandwa na mori. Mtu mzima afukuzwe kwa kusalimia! Bi Tatu yeye alikuwa analia tu, maana mule ndimo alimotaraji kujifunza kumlea mtoto yule.

Mungu ampe Samiha umri mrefu. Alimuombea akarudishwa, kisha akaja mwenyewe, akakaa naye jikoni mpaka alasiri. Akamueleza kuwa kumjazia mtu ujumbe asioutaka huitwa spamu. Akamuonesha kutag, yaani kumtaja mtu kwa alama ili simu yake ilie hata kama kalizima sauti kundi. Na salamu je?

"Bi Tatu, toa moja tu kundini. Akijibu mmoja kawajibia wote, si ndivyo tulivyosoma chuo cha Kurani?"

Hapo Bi Tatu akacheka, mara ya kwanza tangu atolewe.

Mwezi uliofuata Safaa kaamka na homa. Tukadhani mafua. Bi Tatu akauliza kundini, kimya. Watu wako makazini. Basi akamtag Rahma, nesi aliyemo mule. Haukupita muda simu ikalia.

"Homa kwa mtoto huyu haingojwi," Rahma akasema. "Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Tukampakia kwenye gari ya Mmanga, jirani yetu, mbio mpaka hospitali. Daktari alituambia wazi kuwa lau tungengoja mpaka jioni, asingetuahidi kitu.

Siku Safaa alipoomba chakula mwenyewe, Bi Tatu alishika simu, akaandika kundini: "Safaa kala uji."

Wa kwanza kujibu alikuwa admini yule aliyemtoa. "Alhamdulillahi, bibi. Nisamehe. Mwanangu aliondoka duniani mwaka jana, kwa homa kama hiyo. Kundi hili nalishika kwa ajili yake."

Bi Tatu hakuona tena herufi kwa machozi. Akanipa mie simu nimuandikie anamshukuru, na kwamba dua ya mtoto wake ataisoma kila akimuombea Safaa.