Hofu Yangu ya Soko la Bwera

Mara ya kwanza moyo kunigeuka nilikuwa sokoni Bwera, nimeshika kitenge cha kijani. Mapigo yalipanda, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakataa kushuka. Nilijua nakufa, na nikaona aibu kufa kabla ya kupatana bei. Hospitali walinipima moyo wakasema ni mzima kabisa. Mzima gani huo! Ulinifanyia vituko vile vile tena na tena, hadi nikaacha kutoka nje ya kambi yetu ya Kasese bila mume wangu.

Mume wangu ni sajini. Akiwa kando yangu, hofu ilijikunyata. Lakini sajini ana kazi, na mama yangu anaishi Bwera, nyuma ya soko lile lile, na magoti yake hayamruhusu tena kusafiri. Alikuwa ameanza kuwauliza majirani ni kosa gani alilonifanyia. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Tukaenda kwa mshauri kwenye zahanati moja Nyamwamba, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kanisani. Alitueleza kwamba ipo dawa ya kumeza kila siku, yapo mazungumzo ya kuichambua hofu, na yapo mazoezi ya kuikaribisha kwa makusudi. Wengine huchagua njia moja, wengine huchanganya. Daktari aliniandikia dawa, na mimi nikayataka mazoezi pia.

"Kukaribisha?" mume wangu aliruka. "Adui, unamkaribisha?"

Mshauri alinizungusha kwenye kiti mpaka nikashikwa na kizunguzungu, akanipa mrija nipumulie kwa shida, ili mwili ujifunze kwamba moyo kwenda mbio si kifo. Mume wangu alitazama kwa makini. Tulipofika nyumbani, akayageuza mazoezi kuwa gwaride.

"Zunguka! Simama! Sasa tulia! Hiyo ni amri!"

Wake wa askari wakatoka kutazama. Kabla ya wiki kwisha nusu yao walikuwa wanazunguka nami uwanjani, leso zinapepea, na mmoja, kwa kizunguzungu, akaenda kukalia sufuria ya maharage. Nilicheka mpaka nikasahau kuogopa. Mshauri aliposikia naye alicheka, kisha akamgeukia mume wangu.

"Afande, hofu haisikii amri. Na sasa shida iliyobaki ni wewe. Akienda na wewe, hofu inamwambia kwamba wewe ndiye umemwokoa. Lazima aende Bwera peke yake."

Sajini wangu alinuna njia nzima.

Siku ya soko ilipofika nilishuka kwenye taksi peke yangu. Watu walikuwa wamejaa, redio zinashindana, na harufu ya samaki wakavu imetanda. Moyo ukaanza. Nilijikaza nisirudi barabarani, na hapo ndipo nilipomwona mwanamume mwenye kofia pana akichagua mananasi. Kofia sikuijua, lakini mgongo ule niliujua. Askari hata avae gunia, mgongo utamsaliti. Tena alikuwa ananusa nanasi upande wa majani, kama mtu asiyewahi kununua nanasi.

Mwili wangu wote ulitaka kumkimbilia. Ningemshika mkono ningepona pale pale, na kesho ningeugua upya. Nilimkasirikia na kumpenda kwa wakati mmoja.

"Afande!" nilipaza sauti, soko zima likageuka. "Rudi Kasese! Hiyo ni amri!"

Alisimama wima, nanasi mkononi, nusura apige saluti.

"Na ukianguka?"

"Nitaamka."

Akaenda. Hofu ikanipanda hadi kooni, nami nikasimama kando ya mwuza samaki nikaiacha ije. Ilinitikisa, ikanitoa jasho, kisha ikashuka yenyewe, kama maziwa yakiepuliwa motoni. Mwuza samaki aliniuliza kama nanunua au nazuia upepo. Nikanunua.

Mama alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Aliponiona, alitazama nyuma yangu.

"Umekuya na nani? Bwana yako iko wapi?"

"Nimekuja peke yangu, Mama."

Kisu kilimponyoka. Alinivuta nikakaa karibu naye, akanishika uso kwa mikono yake yenye utomvu wa mihogo.

"Kumbe hauna kasirani na mimi," alisema, akalia huku anacheka.