Nilivyomtilia Sahihi Mong'ina Kemunto

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu usalama wa sahihi za kielektroniki, na juzi msimamizi wangu, Daktari Nyaboke, alifuatana nami hadi Magwagwa ili aamue kama naweza kuwahoji wakulima peke yangu.

Wa kwanza alikuwa Mong'ina Kemunto, mjane mwenye shamba la chai. Fomu ya ridhaa nilikuwa nimeiwazia kwa majuma mawili: nililikataa faili la Word kwa kuwa yeyote anaweza kulihariri, nikaunda PDF inayojifunga papo hapo sahihi inapotiwa. Nilijaza jina lake, ujane wake na watoto wake sita, kisha nikamweleza kwa kirefu kwamba baada ya sahihi hakuna awezaye kuibadilisha, hata mimi.

"Sasa nitatiaje sahihi bila kalamu?" akauliza.

"Hivi, Mama," nikasema, nikapitisha kidole changu kwenye nafasi ya sahihi yake katika tableti.

Fomu ikajifunga.

Nilibonyeza kila mahali, bure. Daktari akaichukua tableti, akasoma kwa sauti: "Mimi, Kemunto, mjane, mama wa watoto sita, nimeridhia." Akaitazama sahihi. "Hii ni yako, Osoro. Tasnifu yako inaliitaje jambo hili?"

"Kughushi," nikanong'ona.

Mong'ina akanishika bega. "Usimgombeze, Daktari. Kama sasa yeye ndiye mimi, kesho alfajiri aje achume chai, nami nilale."

Daktari akanirudishia tableti. "Umesikia. Kuchuma, anza kesho. Kuhoji, bado."