Eleuterio Afuta Vumbi la Kituo

Zamani sisi wa mashamba ya miwa tulicheza besiboli kwa akili na adabu. Siku hizi vijana wana misuli tu, hata salamu hawana.

Eleuterio Mota, mlinzi wa kituo cha pili, kimoja cha vibao vya chini ambavyo mkimbiaji akikikanyaga hatolewi, alikuwa analipwa na timu ya mji. Siku ile meneja alimwambia, "Tukishindwa leo, kesho urudi kukata miwa."

Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, amebaki mpinzani mmoja wa kutolewa. Shemeji yake Eleuterio, Amable, mkimbiaji wa wapinzani, alikuwa juu ya kituo cha pili. Akiguswa na mpira akiwa nje ya kituo, basi mchezo umekwisha. Uwanja mzima tulisimama.

"Shemeji, inua mguu nikufutie vumbi," Eleuterio alisema. Wachezaji wa enzi zetu walifutiana vituo.

"Asante, shemeji." Amable akainua mguu, na Eleuterio akamgusa kwa mpira. Alikuwa ameuficha ndani ya glavu yake muda wote.

"Dada yako atalisikia hili!" Amable alifoka.

"Mwambie bado nina kazi."

Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Mara ya mwisho kuwaona, walikuwa wanapanda lori moja; Amable alikagua kwanza glavu ya shemeji yake, ndipo akaketi.