Matone Aliyoyafuta Mama

Mara ya kwanza njia ya mkojo ya paka wetu dume ilipoziba, nilidhani amefunga choo, nikamnywesha mafuta ya nazi. Daktari aliyemwokoa aliniambia kwa upole kwamba mafuta hayakumdhuru, ila ningechelewa kidogo tu ningekuwa namchimbia shimo. Tangu siku ile nikawa mlinzi wa mkojo. Watu wananicheka nikisema hivyo. Wacheke. Hawajamwona paka akichuchumaa na kujikamua, anahama, anachuchumaa tena, hakitoki kitu, halafu anakutazama usoni kama wewe ndiye uliyemfungia.

Tunakaa Temeke, mimi na Mama, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani. Zamani paka alikuwa anajisaidia uani, anafukia mwenyewe, na hakuna aliyejua habari zake wala kutaka kuzijua. Baada ya kuugua nikamzuia ndani na kumwekea beseni la mchanga nyuma ya mlango wa jikoni. Dagaa wa chumvi nikapiga marufuku, nikawa namchemshia samaki wenye maji mengi. Nikimaliza mshono mmoja nakwenda kupekua mchanga kwa mwiko mkuukuu. Nikikuta donge lililolowa, ukubwa wa kitumbua, nakunywa chai yangu kwa raha. Nikikuta vidonge vidogo kama kunde, chai hainipiti kooni.

Mama alimpenda yule paka kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Tangu baba atutoke, paka alikuwa analala miguuni pake. "Paka si najisi," alikuwa akisema, "mdomo wake msafi kuliko wa majirani." Lakini mkojo wa paka ni habari nyingine. Mama anaswali chumbani mwake, na tone moja likidondoka sakafuni atafua msala, ataosha chumba kizima, atatia udhu upya. Na akishaosha, basi, yamekwisha. Nyumbani kwetu najisi huoshwa, haisimuliwi. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake.

Asubuhi moja nilikuta beseni kavu. Nikapekua mpaka mwiko ukakwaruza plastiki chini. Kavu tupu. Nikamtafuta paka, nikamkuta chini ya kitanda cha Mama, amejikunja, anajilamba nyuma bila kupumzika. Nikampelekea samaki puani. Akageuza kichwa.

"Mama, huyu hajakojoa!"

Mama alikuwa mlangoni mwa bafu, anakamua tambara. "We mwana, wasiwasi utakuua," akasema. "Mbona anakojoa? Tangu jana mie kazi yangu kuosha tu. Mara hapo mlangoni, mara chini ya dirisha, mpaka bafuni kwenye tundu la maji."

Kwanza nilifurahi, naapa. Halafu nikaelewa alichokuwa ananiambia.

"Mwingi, Mama?"

"Aa, matone tu."

"Ya rangi gani?"

Akafikiri, tambara mkononi. "Mekundu kidogo, kama juisi ya rozela iliyozidi maji."

Nikachukua simu nimpigie daktari. Kila dalili niliyokuwa naitafuta kwenye beseni ilikuwa inatokea chumbani kwa Mama, na Mama alikuwa anaifuta kwa sabuni kabla sijapita. Nikampigia kelele. Sikuwahi kumpigia Mama kelele kabla ya siku hiyo. "Kwa nini hukuniambia?"

Alinishangaa kweli. "Nikuambie nini? Si nimeshasafisha?"

Daktari yuko upande wa Kinondoni, kwa hiyo ilibidi tuvuke mji kwa bajaji, paka ndani ya kikapu cha ukili, kikapu magotini mwangu. Sikuwa nimemwambia Mama tuongozane, lakini alikuwa ameshavaa buibui na kupanda kabla yangu. Mwanzoni paka alilia, sauti nzito ambayo sikuijua. Tulipofika njia panda ya bandarini akanyamaza. Paka akilia unaogopa, akinyamaza unaomba alie. Nikawa naingiza kidole kwenye tundu la kikapu kila mara ili niguse manyoya na kuhisi kama bado anapumua.

Daktari, binti anayeweza kuwa mdogo wangu, alimwamkia Mama shikamoo huku mikono tayari iko tumboni kwa paka.

"Marahaba, mwanangu. Haja ndogo inamsumbua," Mama akasema, kwa sauti ya chini, maana palikuwa na wanaume.

"Kibofu kimekuwa kigumu kama ndimu," daktari akaniambia mimi. "Sumu imeanza kurudi kwenye damu. Nitamlaza usingizi nipitishe mrija. Nitajitahidi, lakini siwezi kukuahidi kwamba moyo utahimili."

Mlango ukafungwa. Tukakaa kwenye benchi. Midomo ya Mama ilikuwa inacheza, anahesabu dhikri kwa pingili za vidole. Kisha akaacha.

"Kila nikifuta nilikuwa namkasirikia," akasema. "Nasema moyoni, mzima huyu, kakosa adabu. Kumbe alikuwa ananiomba msaada, mie namfukuza na tambara."

Nilipaswa kumwambia kwamba hakujua, na ingekuwa kweli. Lakini hasira ilikuwa bado haijaniisha. Nikatazama ule mlango.

Moyo ulihimili. Walimlaza pale wakamwachia mrija, na siku tulipomfuata alikuwa amekonda, amenyolewa mguu mmoja, macho makubwa kuliko uso. Daktari akasema, "Mrija nimeutoa. Sasa lazima akojoe mwenyewe. Mpaka jioni akiwa hajakojoa, mrudisheni leo leo, msilale naye." Wengine wakitoka hospitali hushukuru. Mimi nilitoka nikiwa na hofu zaidi kuliko nilivyoingia, maana sasa hapakuwa na mrija wala daktari. Tulikuwa sisi tu.

Safari hii Mama hakutaka kikapu. Alimpakata, kamviringisha khanga. Foleni ilituganda karibu na soko la Karume, jua kali, adhana ya Adhuhuri inasikika kutoka misikiti zaidi ya mmoja. Ghafla Mama akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyemwagiwa chai.

"Nini?" nikapiga kelele. "Kafanyaje? Mama, kafanyaje?"

Dereva akageuka. Buibui la Mama lilikuwa linalowa mapajani, na majimaji yalizidi kuenea mpaka magotini, yakaanza kuchuruzika kwenye kiti. Nikanyoosha mkono nimtoe paka upesi, maana najua Mama ni mtu wa namna gani na swala ilikuwa imeingia. Akanipiga kofi mkononi.

"Usimguse!"

"Mama, nguo yako..."

"Nimesema usimguse. Mwache amalize."

Akashusha mikono taratibu juu ya mgongo wa paka na kukaa ndani ya mkojo ule, bila kusogea hata kidogo, machozi yanamtiririka, anamshukuru Mungu.