Fimbo Zilizojaa Sebuleni kwa Nyanya

Fimbo nazo zina harufu. Hilo nililijua nikiwa na miaka kumi, mwaka ule sebule yetu ilipojaa fimbo za watu hadi tukakosa pa kuketi. Zilinuka moshi, samli, mbuzi na jasho la viganja, na hadi leo nikipita karibu na soko la mifugo, harufu hiyo hunirudisha moja kwa moja kwa Nyanya, kwenye nyumba ya mabati kando ya barabara ya Taveta, mwendo wa saa mbili kwa miguu kabla ya kuingia Voi.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kibaya. Wafugaji waliingiza ng'ombe mashambani kutafuta majani, wakulima wakatoka na mapanga, na kabla mvua hazijarudi nyumba kadhaa zilikuwa zimechomwa. Mjomba wangu Mwakio alivunjwa mkono kwa fimbo akilinda mahindi ya Nyanya, na mkono huo haukunyooka tena. Wanawake wa pande zote mbili walipokubaliana kwamba watu watembee pamoja kutoka Taveta hadi ofisi za serikali mjini Voi, kudai amani na mabwawa ya maji, majirani walidhani Nyanya angefunga mlango. Wapi! Alitangaza kwamba msafara ungepumzika kwake asubuhi ya mwisho, ila kwa sharti moja: hakuna wa kuingia Voi na fimbo. Polisi wakiona hata moja, alisema, watadhani tumekuja kupigana, na jasho lote la njiani litakuwa kazi bure.

Walifika jua likianza kuchoma, wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha. Tulikuwa tumeamka mapema kupika uji wa mtama na kuchemsha viazi vitamu, na mimi nilikuwa na beseni la maji ya chumvi kwa ajili ya miguu. Sijawahi tena kuona malengelenge ya namna ile. Nyanya alisimama mlangoni akipokea fimbo mwenyewe, nami nikizifunga vipande vya leso yake kuukuu, kila kimoja kwa fundo lake, ili kila mtu aitambue yake baadaye. Nilimwona akiipima kila fimbo mkononi kabla ya kunipa. Nilijua anachowaza: huenda ndiyo hii iliyomvunja Mwakio mkono.

Wafugaji hawakuziachilia kwa urahisi. Mmoja alilalamika kwamba yake ni ya kuswagia mbuzi tu. "Hata kama ni ya kufukuzia kuku," Nyanya akamjibu, "iache hapa." Ndipo mzee mmoja mrefu, mfugaji asiye na meno ya mbele, alipomaliza uji wake, akapangusa mdomo na kuuliza kwa upole, "Na hiyo yako, mama? Ama hiyo ni ya kusongea ugali?"

Uwanja mzima ulicheka. Nyanya aliitazama fimbo yake mwenyewe, ile ya mti mweusi aliyoitegemea tangu nyonga ilipoharibika, na nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameweka sheria akajisahau. Bila fimbo hakuweza kumaliza hata uwanja, na mimi nilijua alivyotaka kufika Voi kwa miguu yake, aseme mwenyewe habari za mahindi yake na za mwanawe. Watu walianza kumsihi abaki nayo, wakisema mtu mzima ataeleweka. Alikataa katakata. Alinikabidhi fimbo, nikaifunga leso kama nyingine, kisha akaniita, "Wakesho, njoo hapa," akaweka mkono begani mwangu.

Mjomba Mwakio hakutembea. Alikokota kiti akakiweka mlangoni, mkono wake uliopinda juu ya goti, akasema atazilinda fimbo hizo hadi wenyewe warudi.

Saa mbili zikawa nne. Bega liliniuma hadi machozi yakanitoka, lakini furaha niliyokuwa nayo sijui niieleze vipi. Watu walikuwa wakiimba, mkonge umenyooka pande zote mbili za barabara, na yule mzee mrefu alitembea nyuma yetu akipunguza hatua zake ndefu ili asitupite. Tulipokaribia mji tukawakuta polisi wamepanga mstari. Msafara ukasimama, na mtu mmoja mbele akapiga kelele tuinue mikono tuonyeshe kwamba ni mitupu. Mikono yote ikapanda. Nyanya naye akaniachilia, akainua yote miwili. Nilisikia uzito wake ukiondoka begani. Alitetemeka, lakini alisimama. Afisa alitutazama kwa muda, kisha akawaambia wenzake wafungue njia.

Bwawa moja lilichimbwa. La pili tunalingoja mpaka leo. Kiangazi kikizidi, maneno makali hurudi, lakini siku hizi watu hukutana kwanza, na siku ya kikao fimbo huachwa nje. Nyanya bado yuko, na fimbo yake nyeusi imeegemea kitanda chake. Nikifika haigusi. Hunyoosha mkono hewani, akitafuta bega langu pale lilipokuwa zamani, nami huinama kidogo ili alipate.